Nasaba ya Mtini wa Chunguni

Wengi wetu tuliosomeshwa chuoni katika miji ya pwani tulilijua neno tini kabla ya kulijua tunda lenyewe. Tulilitamka katika sura ya 95 ya Kurani, ile tuliyoizoea kwa jina la Wattini, kidole kikifuata mstari wa juzuu na macho yakimvizia mwalimu. Alipoulizwa tini ni kitu gani, mwalimu wetu alijibu kwamba ni tunda la Shamu, tamu kuliko tende, kisha akatuamuru tuendelee. Wenzetu waliosoma Biblia walikuwa na mtini wao: majani yake walijishonea Adamu na Hawa, na mti wenyewe ulilaaniwa kwa kukosa matunda. Kwetu sote, Waislamu kwa Wakristo, tini lilikuwa tunda la maandiko. Kama lilifika dukani, lilifika limekaushwa na kutungwa kama shanga, aghalabu mwezi wa Ramadhani, likauzwa kwa wenye uwezo.

Mtini wa kwanza niliouona kwa macho yangu ulikuwa ndani ya chungu, katika ua wa nyuma wa nyumba ya ami yangu, Portsmouth, kusini mwa Uingereza. Msomaji anajua kwamba mji huo uliwapokea baadhi ya waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Sultani Jamshid bin Abdullah mwenyewe aliishi hapo kwa zaidi ya miaka 50. Ami alikuwa mtu mdogo tu katika msafara huo, karani aliyegeuka kuwa mfanyakazi wa bandarini. Chungu chake kilikuwa cha udongo mwekundu, kipenyo chake kama sentimita 45, kimeegemezwa kwenye ukuta wa matofali unaotazama kusini. Kila Agosti jamaa walipokusanyika, aliyapasa matunda mara nne, akayapanga kwenye sinia pamoja na kahawa, na kabla ya mtu yeyote kula alisema, “Huu umetoka Jabali.”

Jabali maana yake Jabal Akhdhar, nyanda za juu za Oman ya ndani, zenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Huko mashamba hukatwa kama ngazi ubavuni mwa mlima na kunyweshwa kwa mifereji ya falaji. Ndiko yanakoota makomamanga, mawaridi, lozi na tini, na ndiko wazee wetu walikosema kwamba tumetoka, kabla ya babu wa babu kupanda jahazi kuja Unguja. Kwa hiyo mtini ule haukuwa mti tu. Ulikuwa shahidi wa nasaba. Mtoto wa familia yetu aliyetaniwa shuleni kwamba hana kwao, si Mwarabu, si Mwafrika wala si Mwingereza, alirudi nyumbani akala tini na kuambiwa kwamba kwao anakula.

Mwaka juzi ami, akiwa na umri wa miaka 84, alihamia kwa binti yake katika fleti isiyo na ua wala roshani. Chungu akanikabidhi mimi. Mwezi wa Februari, mti ukiwa umelala bila jani, niliulaza chini na kuuchomoa ili nipunguze mizizi, kama inavyopasa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ami alikuwa akikata kandokando tu. Kiini cha mizizi hakukigusa. Nilipokipasua kwa msumeno nikakuta, katikati kabisa, kibao cha plastiki kirefu kama kidole. Maandishi yake yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka: Brown Turkey, na chini yake bei kwa pauni. Brown Turkey ndiyo aina ya mtini inayouzwa zaidi kuliko zote katika vitalu vya Uingereza.

Wajukuu watatu wa ami, mmoja Muscat, mmoja London na mmoja Toronto, walikuwa tayari wameniomba vipando vya mtini wa Jabali. Nikabaki na mkasi mkononi, nisijue niandike nini kwenye vijibao vyao. Niliona ni heri nisome kwanza historia ya mti huu na ya chungu chake, kisha ndipo nimhukumu mzee.

Jambo la kwanza ambalo historia hiyo inafundisha ni kwamba mtini ni mti ambao nasaba yake iko mikononi mwa watu. Tunalolila si tunda kwa maana ya kawaida, bali ni kifuko ambacho maua yake yamefichika ndani. Mtini wa mwituni hautegemei upepo wala nyuki. Hutegemea nyigu mmoja mdogo mno, anayepenya kwenye tundu la ncha ya tini na kuingiza chavua gizani. Palipokosekana nyigu huyo, tini za jike huanguka kabla ya kuiva. Lakini tangu kale kulitokea mitini ambayo matunda yake huiva bila chavua. Mitini hiyo haina mbegu zenye uhai, basi haiwezi kujizalisha yenyewe. Haina budi mtu akate tawi na kulichomeka mahali pengine. Kila mtini wa namna hiyo ni kipande cha mtini uliotangulia, nao ni kipande cha mwingine, hadi kwa mkulima wa kwanza aliyeona na kustaajabu.

Mkulima huyo aliishi lini? Mwaka 2006 watafiti watatu, Mordechai Kislev, Anat Hartmann na Ofer Bar-Yosef, walitangaza kwamba tini 9 zilizoungua, zilizopatikana katika nyumba ya kale huko Gilgal, bonde la Yordani karibu na Yeriko, zilikuwa za aina hiyo isiyohitaji chavua. Umri wake ni zaidi ya miaka 11,000. Walihitimisha kwamba watu wa Gilgal walipanda mitini kwa matawi kabla ya kulima ngano na shayiri. Wanazuoni wengine walipinga, wakisema kwamba hata mwituni hutokea tini za namna hiyo, na kuzichuma si kuzipanda. Ubishi huo haujaisha. Ninaloliona mimi ni kwamba tangu ukurasa wa kwanza wa historia ya mtini swali ni lile lile lililonikabili uani: je, mti huu ulipandwa na mkono wa nani, na tunajuaje?

La pili linatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Mtini wa Shamu haukuwa mti wa pwani yetu, lakini ndugu yake ni mti wetu kabisa, nao ni mkuyu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilijua hilo. Pale Zakayo alipopanda mti ili amwone Yesu hawakuandika mtini, waliandika mkuyu. Na nabii Amosi naye katika Kiswahili ni mtunza mikuyu. Mkuyu huota kando ya mito yetu, na nyigu wake wapo, na ndege na popo husambaza mbegu zake bila kumwuliza mtu. Katika zama za kale sana mti huo ulifika Misri, lakini nyigu wake hakufuatana nao. Wamisri wakawa wanauzalisha kwa kuchomeka matawi, kizazi hata kizazi. Na kwa kuwa tunda halikuiva vema lenyewe, walibuni njia ya kulichanja kwa kisu ili liive kwa haraka. Kuyu zimekutwa makaburini mwao, na mbao za mkuyu zilitengeneza majeneza yao. Mti ambao kwetu hakuna aliyehangaika kuupanda, ugenini ukawa mti wa kutunzwa kwa mkono na kuhesabiwa kuwa mtakatifu.

Wamisri hao hao ndio waliotuachia mojawapo ya picha kongwe za mti unaosafiri na udongo wake. Katika hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahri, lililojengwa katika karne ya 15 KK, imechorwa safari ya majahazi kwenda nchi ya Punt, ambayo wanazuoni wengi huiweka pande za Pembe ya Afrika. Wanaume wamebeba mitiudi ya manemane ndani ya makapu, kapu limening’inia kwenye mpiko uliolala mabegani, mizizi imo ndani ya udongo wake na majani yako juu. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kwanza tunayoiona ikihamisha mti hai kuvuka bahari ni kapu, na lilitoka upande wetu.

Warumi waliandika walichokifanya. Marcus Porcius Cato, yule mzee mkali aliyefariki mwaka 149 KK, anakumbukwa kwa kisa cha kuingia barazani mwa wazee wa Roma na tini mbichi mkononi, akawaambia kwamba imechumwa Carthage siku tatu tu zilizopita. Adui yuko karibu kiasi hicho. Wasomaji wa historia hukitaja kisa hicho kwa sababu ya vita vilivyofuata. Mimi nimevutiwa na ukurasa mwingine wa Cato, katika kitabu chake cha kilimo. Anaelekeza hivi: chukua chungu au kapu lenye tundu chini, lipitishe tawi likiwa bado juu ya mti, jaza udongo na uushindilie, uache hapo mpaka tawi liote mizizi, kisha kata chini ya chungu na ukapande pamoja nacho. Mtini ni mmoja wa miti anayoitaja kwa njia za namna hiyo. Hapa chungu kinakuwa mahali pa kujifunza kuishi peke yake, mtoto akiwa bado ananyonya kwa mama.

Wapo pia waliosafirisha mtini kwa kuuficha. Katika karne ya 9 Amiri Abd al-Rahman wa Pili wa Andalusia alimtuma mshairi wake, Yahya al-Ghazal, kuwa balozi kwa mfalme wa Constantinople. Imesimuliwa kwamba Wabizanti walikataza tini zao bora zisitoke nchini, na kwamba mshairi alizificha mbegu zake ndani ya mafungu ya vitabu, akarudi nazo Cordoba, zikapandwa na kuzaa aina iliyosifika. Mjuzi wa miti atauliza mara moja: mbegu ya tini haitoi tunda lile lile la mama yake, basi aina hiyo ilihifadhiwaje? Pengine palikuwa na vijiti, si mbegu. Pengine palikuwa na mshairi tu, na mshairi hupamba. Lakini watu wa Andalusia waliipenda riwaya hiyo, kwa sababu ilisema kwamba utamu walionao ulitoka mashariki, ulifichwa ndani ya vitabu, na ulibebwa na mtu wa maneno.

Nilipofika kwenye historia ya Uingereza nikakuta kwamba ami yangu hana upweke hata kidogo. Takriban kila mtini mashuhuri wa nchi hii una riwaya ya aliyeuleta. Ile ya Lambeth, kwenye kasri la maaskofu wakuu wa Canterbury jijini London, hunasibishwa na Kadinali Reginald Pole, aliyerudi kutoka Italia na kushika kiti hicho kuanzia 1556 hadi 1558. Ile ya Tarring, karibu na Worthing, si mbali sana na Portsmouth, hunasibishwa na Thomas Becket aliyeuawa mwaka 1170, ingawa bustani inayojulikana hapo ilipandwa katika karne ya 18. Na Oxford, ndani ya chuo cha Christ Church, upo mtini unaohusishwa na Edward Pococke. Huyu alikuwa kasisi wa wafanyabiashara wa Kiingereza mjini Aleppo kuanzia 1630, akajifunza Kiarabu kwa masheikh wa huko, akawa mtu wa kwanza kushika kiti cha uprofesa wa Kiarabu Oxford mwaka 1636. Mwanawe ndiye aliyetoa tafsiri ya Kilatini ya kisa cha Hayy ibn Yaqzan mwaka 1671. Husemwa kwamba alirudi na mtini kutoka Shamu na kuupanda kwenye bustani ya nyumba yake. Miongoni mwa riwaya hizo tatu, ya Pococke ndiyo iliyo karibu zaidi na kuaminika, kwa kuwa alikuwepo Shamu na alikuwepo bustanini. Hata hivyo hakuna anayeweza kuapa.

Na Brown Turkey yenyewe? Jina lake linadai Uturuki, lakini vitabu vya matunda vya Kiingereza vya karne ya 19 viliipa majina mengine pia, mojawapo likiitaja Naples. Huko California tini inayouzwa kwa jina la Brown Turkey ni aina nyingine tofauti kabisa na ya Uingereza. Kwa hiyo hata kibao cha plastiki nilichokuta mizizini, ambacho nilikiona kuwa ndio ukweli mtupu unaoivunja hadithi ya mzee, nacho kilikuwa kimebeba dai la asili lisilo na ushahidi.

Tuje sasa kwenye chungu chenyewe, maana wapo wanaokidharau. Shangazi yangu mmoja hakuupenda mtini ule. Alisema mti ndani ya chungu ni mfungwa, na tunda la mfungwa halina baraka. Historia ya bustani inampinga. Jean-Baptiste de La Quintinie, mwanasheria aliyegeuka kuwa mtunza bustani wa Mfalme Louis wa 14, alijenga bustani ya matunda na mboga ya Versailles kati ya 1678 na 1683. Mfalme alipenda tini kupita kiasi. La Quintinie aliweka mamia ya mitini ndani ya makasha ya mbao, akayaingiza ndani majira ya baridi na kuyatoa jua liliporudi. Katika kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 1690 baada ya kifo chake na kufasiriwa kwa Kiingereza na John Evelyn mwaka 1693, anayasifu makasha hayo bila haya.

Kilichokuwa anasa ya mfalme kiliwafikia watu wa kawaida kwa njia ya kodi. Serikali ya Uingereza ilifuta ushuru wa vioo mwaka 1845, na bei ya vioo ikashuka. Mwaka 1851 Thomas Rivers, mwenye kitalu huko Sawbridgeworth, alichapisha kitabu kuhusu kukuza miti ya matunda katika vyungu ndani ya nyumba ya vioo, kikachapishwa tena na tena. Rivers alionyesha kwamba mwenye ua mdogo na kibanda cha vioo angeweza kula matunda ambayo zamani yalikuwa ya mabwana wenye mashamba.

Sababu ya mafanikio hayo ni rahisi, na kila aliyepanda mtini anaijua. Mtini uliopewa ardhi yenye rutuba bila mpaka hukimbilia majani. Hurefuka na kutanuka, lakini matunda yake huwa machache. Ukibanwa mizizi huzaa. Wakulima wa Kiingereza wanaoupanda ardhini humjengea shimo la matofali au mawe ya kutandika ili asitoroke. Chungu ni shimo hilo linalobebeka.

Lakini mti wa chunguni humtegemea mtu kwa kila kitu. Chungu kiwe na matundu, na mboji ichanganywe na changarawe ili maji yasituame. Wakati wa joto unyweshwe kila siku, wala usiachwe ukauke kisha ukagharikishwa, maana tini zitapasuka au kupukutika. Kila baada ya miaka miwili au mitatu mizizi ya pembeni ikatwe na udongo uongezwe mpya. Mkataji avae glavu, kwani utomvu wake mweupe ukipatwa na jua juu ya ngozi huunguza. Uingereza, tini kubwa ambazo hazikuiva kufikia Novemba ziondolewe. Zile ndogo kama punje ya choroko zilizo kwenye ncha za matawi ziachwe, kwani hizo ndizo zitakazoiva Agosti ijayo. Tini haiivi baada ya kuchumwa. Subiri mpaka shingo yake ilegee na tone la asali lichungulie kwenye jicho lake. Na katika nchi za Ghuba hatari ni kinyume: jua huichoma mizizi kupitia ukuta wa chungu, basi chungu kitiwe ndani ya chungu kingine au kifichwe kivulini, mti ukiwa juani.

Jambo la hatari zaidi katika baridi ndilo ambalo watu hulisahau. Mtini uliomo ardhini ukipigwa na barafu hufa matawi ukachipua tena kutoka mizizini, kwa kuwa ardhi huihifadhi mizizi. Wa chunguni hauna ardhi. Barafu huingia kutoka pande zote, na chungu kikiganda chote, mizizi nayo hufa.

Wahamiaji wa Kiitaliano waliojazana New York, Philadelphia na baadaye Toronto walilijua hilo. Kati ya miaka ya 1880 na 1920 mamilioni ya Waitalia walivuka Atlantiki, wengi wao wakulima wa kusini, na mtini ulifuatana nao. Walikuwa wakiulaza mti mzima ndani ya handaki na kuufukia kila vuli, au kuufunga kwa matambara na mazulia mabovu, juu wakaufunika kwa ndoo. Wenye vyungu waliviburura hadi ghala la chini ya nyumba. Majirani waliwacheka. Wajukuu wao sasa wanatafuta vipando vya mitini hiyo na kuipa majina ya vijiji vya Calabria na Sicily, na aghalabu hawana hakika kama babu aliuleta kwenye sanduku au aliunyofoa kwa jirani. Tangu sheria ya karantini ya mimea ya Marekani ya mwaka 1912, na sheria za namna hiyo katika nchi nyingine, kijiti ndani ya sanduku kimekuwa kosa. Sheria hizo zina haki, kwa kuwa magonjwa nayo husafiri na udongo. Lakini zimeifanya historia ya mitini ya wahamiaji kuwa historia ya mdomo, maana hakuna aliyeandika alichokificha.

Nikiwa na hayo yote kichwani nilikwenda kumwona ami. Nilibeba kile kibao ndani ya bahasha. Nilimwamkia, nikakaa, tukanywa chai, tukazungumza habari za watu. Kisha nikakiweka mezani. Alivaa miwani, akakisoma, akakigeuza, akacheka kidogo kwa puani.

“Umekata mpaka katikati,” akasema.

“Nimekata, ami.”

Hapo akanieleza. Mwaka 1984 nduguye aliyehamia Muscat, katika wale waliorudi Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, alikuja kumtembelea. Alimletea vijiti viwili vya mtini wa Jabali, vimeviringishwa katika kitambaa kibichi. Kimoja kilioza. Kimoja kikashika, kikatoa majani. Wakati huo mama yao, bibi yangu mzaa baba, alikuwa akiishi naye, macho yamekwisha. Kila asubuhi ya kiangazi alitolewa uani akakaa kitini na kuyapapasa majani ya mtini, akiwataja watu wa Jabali ambao yeye mwenyewe hakuwaona kamwe. Alizaliwa Ng’ambo, Unguja. Januari 1987 ikaja baridi kali kusini mwa Uingereza. Ami hakujua habari ya chungu kuganda. Aliungoja mti mpaka Aprili, akakwaruza gome kwa ukucha, akakuta pakavu hadi chini.

“Sikuweza kumwambia,” alisema. “Nilikwenda sokoni nikatafuta wa kimo kile kile.”

Nikamuuliza kama bibi alitambua.

“Aliyapapasa majani, akanyamaza. Halafu akasema mwaka huu yamekuwa mapana. Hakusema jingine. Akaendelea kuyashika mpaka alipofariki, na hiyo ni miaka miwili baadaye. Baada ya hapo, mwanangu, ningeanzia wapi?”

Sikuwa na jibu, na sina hata leo. Najua tu kwamba riwaya ya ami haikuwa uongo tangu mwanzo. Palikuwa na mtini wa Jabali. Ulikufa, na mahali pake pakashikwa na mwingine uliobeba jina na kazi yake kwa miaka zaidi ya 30. Nikiwa mwanafunzi wa historia siwezi kuuita mti wa sasa mtini wa Jabali. Ningekuwa nafanya kile ninachowalaumu wenye bustani za Lambeth na Tarring. Lakini siwezi pia kuandika Brown Turkey tu na kunyamaza, kana kwamba mzee alinunua pambo la ukuta.

Nikafuata kanuni ya watu wa hadithi, ambao hawaandiki matini bila isnadi. Kwenye kila kijibao niliandika kwa kalamu isiyofutika: Brown Turkey, ulinunuliwa Portsmouth 1987, mahali pa mtini wa Jabal Akhdhar uliokufa kwa baridi, kutoka kwa ami, mama yake aliushika. Herufi zilibanana sana.

Kipando cha London nilikipeleka mwenyewe kwa treni, nacho kimekwisha kutoa majani matatu. Cha Muscat na cha Toronto sikuvituma, kwa sababu ya sheria nilizokwisha kuzitaja. Niliwatumia vijibao tu ndani ya bahasha, pamoja na maelezo. Mjukuu wa Toronto alinipigia simu baada ya wiki mbili. Alikuwa amekisoma kijibao, akanyamaza kwa siku kadhaa, kisha akaenda kwenye kitalu cha karibu na kwake. Muuzaji, mzee wa Kiitaliano, alimwonyesha mitini mitano.

“Ninunue upi?” aliniuliza.

Nilimwambia amuulize babu yake. Siku hizi wawili hao huzungumza kila Jumapili, na swali la kwanza la mzee, kabla hata ya kumwuliza hali, ni kama chungu kimeingizwa ndani.